Magoti Mawili ya Askari Mmoja

Nguvu ya jeshi lolote, na ya polisi wa nchi yoyote, mara nyingi hupimwa kwa wingi wa silaha na magari. Lakini askari wa miguu hufika mahali pa kazi kwa magoti yake. Doria ya usiku, lindo la saa nyingi, mwendo mrefu na mzigo mgongoni, kumfuata mhalifu mbio katika vichochoro vya mji: kazi zote hizo hubebwa na viungo viwili tu. Kwa hiyo jeraha linaloweza kumtoa askari kijana katika safu kwa miezi tisa au zaidi, pasipo adui kumgusa, halina budi kutazamwa na makamanda kwa uzito ule ule wanaoutazamia upungufu wa risasi.

Jeraha lenyewe hutokea hivi. Jioni, baada ya kazi, timu mbili za kikosi zinacheza mpira katika uwanja wa kambi. Askari mmoja mwenye afya njema anakimbia, anakita mguu chini ili ageuke upande, na mara goti linatoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Anaanguka. Hakuna aliyemkanyaga wala kumsukuma. Baada ya saa chache goti limevimba. Wiki kadhaa baadaye uvimbe umepungua, lakini kila anapojaribu kushuka ngazi au kugeuka ghafla, goti linamwachia. Hapo maneno huanza kambini. Wapo watakaosema kwamba ni bahati mbaya; wapo watakaonong'ona kwamba ametupiwa kitu na wenye wivu; na wapo, pengine wakiwa ni wakubwa wake, watakaosema kwamba anajisingizia ugonjwa ili akwepe kazi.

Maneno yote matatu ni makosa, na kila moja lina hasara yake. Anayeamini bahati hafanyi lolote la kujikinga. Anayeamini uchawi hupeleka fedha zake mahali pasipo tiba. Na kamanda anayemrudisha gwarideni mtu aliyekatika kano huongeza uharibifu juu ya uharibifu. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kwa nini akaumia yeye, na si wale ishirini na mmoja waliokuwa naye uwanjani? Tena, kwa nini likawa goti la kushoto na si la kulia, au la kulia na si la kushoto? Madaktari wa mifupa wamelichunguza swali hilo kwa miongo kadhaa, na sehemu ya majibu yao imetoka katika chuo cha kijeshi.

Ili majibu hayo yaeleweke, yafaa kwanza goti lenyewe lijulikane. Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na muundi, huku pia ya goti ikikaa mbele kama ngao. Mwisho wa chini wa mfupa wa paja una vichwa viwili vya mviringo, kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, na katikati yao pana mwanya. Vichwa hivyo hukaa juu ya muundi, ambao uso wake wa juu ni bapa kiasi. Mifupa hiyo haikushikana kama bawaba za mlango. Imewekwa mmoja juu ya mwingine, na kinachoizuia isiteleze ni misuli pamoja na kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Ndani ya ule mwanya wa katikati zimo kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hivi, na kazi yake ni kuuzuia muundi usiponyoke kwenda mbele wala usijisokote chini ya paja.

Kwa kijana mwenye afya, kano hiyo huweza kustahimili mvuto unaozidi uzito wa kilo 200. Hata hivyo hukatika, na takriban mara 7 katika kila mara 10 hukatika bila mtu kugongwa na mwenzake. Aghalabu ni pale anapotua kwa mguu mmoja baada ya kuruka, au anapokita mguu ili ageuke, goti likiwa limenyooka kiasi na kuanguka upande wa ndani. Uchunguzi wa picha za video za wachezaji walioumia umeonyesha kwamba kano hukatika ndani ya sehemu 40 hivi za sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000, tangu mguu ugusapo chini. Katika muda huo hakuna binadamu awezaye kufikiri na kujirekebisha. Mwili hutenda kama ulivyozoezwa, na mifupa hubeba kama ilivyoumbwa.

Kuhusu mifupa, kuna maumbile mawili yaliyochunguzwa zaidi. La kwanza ni upana wa ule mwanya wa mfupa wa paja. Mwanya ukiwa mwembamba, kano iliyomo ndani nayo huelekea kuwa nyembamba, na goti linaponyooka na kusokoteka kano hiyo huweza kugusana na ukuta wa mfupa. La pili ni mteremko wa uso wa juu wa muundi. Hakuna muundi ulio sawasawa kama meza ya seremala. Uso wake huinama kuelekea nyuma kwa digrii chache. Mteremko huo ukizidi, hasa upande wa nje wa goti, uzito wa mwili unapotua kwa kishindo paja huteleza nyuma na muundi husukumwa mbele, na kano ndiyo inayoachiwa kazi ya kuzuia. Mfano wake ni gari lililosimamishwa mlimani: mlima ukizidi kuwa mkali, breki nazo huzidi kuelemewa.

Mwaka 1995 vijana walioingia katika Chuo cha Kijeshi cha West Point, katika jimbo la New York nchini Marekani, walipimwa magoti yao tangu mwanzo wa masomo. Walipigwa picha za eksirei, wakapimwa ulegevu wa viungo, urefu na uzito, kisha wakafuatiliwa kwa miaka minne ya mafunzo na michezo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya makadeti 859 waliochunguzwa, wanaume 739 na wanawake 120, kano ya mbele ilikatika bila kugongwa kwa makadeti 24. Wanaume walikuwa 16 na wanawake 8. Hesabu hiyo ina maana kwamba wanaume walioumia hawakufika 3 katika kila 100, ilhali wanawake walizidi 6 katika kila 100. Waliokuwa na mwanya mwembamba wa mfupa wa paja na waliokuwa na viungo vilivyolegea ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Na kwa upande wa wanawake, uzito uliozidi kimo uliongeza hatari hiyo. Mtu aliyekuwa na mambo mawili au zaidi kwa pamoja alikuwa hatarini kuliko aliyekuwa na moja.

Kuhusu mteremko wa muundi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, pia nchini Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 2014. Walimlinganisha kila mchezaji aliyeumia na mwenzake wa timu hiyo hiyo ambaye hakuumia, ili wote wawili wawe ni watu wa mazoezi yale yale na viwanja vile vile. Walikuta kwamba kwa wanawake, kadiri mteremko wa upande wa nje ulivyozidi, ndivyo hatari ya kukatika kano ilivyozidi.

Sasa ndipo linapokuja swali la kushoto na kulia. Watu wengi hudhani kwamba magoti mawili ya mtu mmoja ni mapacha wasiotofautiana. Kwa hakika hayafanani kabisa. Mifupa ya mikono hutofautiana zaidi kati ya kushoto na kulia, kwa sababu mkono mmoja hufanya kazi kubwa kuliko mwenzake tangu utotoni. Mifupa ya miguu hutofautiana kidogo, kwa kuwa miguu yote miwili hubeba mwili mmoja. Tofauti ya urefu wake aghalabu haifiki asilimia 1. Upana wa mwanya na mteremko wa muundi navyo huweza kutofautiana kidogo kati ya goti na goti. Lakini tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu kwa kawaida huwa kubwa kuliko iliyopo kati ya magoti mawili ya mtu mmoja. Mwenye mwanya mwembamba kushoto, kwa kawaida ni mwembamba na kulia.

Jambo hilo dogo lina maana kubwa kwa askari aliyekwisha kuumia. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu waliokatika kano katika magoti yote mawili walikuwa na mwanya mwembamba kuliko watu wengine. Na mwaka 2011 uchambuzi wa tafiti kadhaa, zilizowafuatilia watu kwa miaka 5 au zaidi baada ya kufanyiwa upasuaji, ulionyesha kwamba kano mpya iliyopandikizwa ilikatika kwa watu karibu 6 katika kila 100, ilhali kano ya goti la pili, lile lililodhaniwa kuwa zima, ilikatika kwa watu karibu 12 katika kila 100. Kwa maneno mengine, goti ambalo halikuumia ndilo lililohitaji ulinzi zaidi. Askari anayetembea akilipendelea goti bovu na kulitupia uzito goti zima, huku akiamini kwamba zima halina neno, anajidanganya.

Ikiwa mifupa ya pande mbili inakaribiana hivyo, ni nini basi kinachochagua upande wa kuumia? Sehemu ya jibu imo katika kazi ambayo kila mguu umezoezwa kuifanya. Katika uchunguzi wa wachezaji wa mpira wa miguu uliochapishwa mwaka 2010, kati ya wanaume 27 waliokatika kano bila kugongwa, 20 waliumia mguu wanaopigia mpira. Kwa wanawake mambo yaligeuka: kati ya 40, ni 13 tu walioumia mguu wa kupigia, waliosalia waliumia ule wa kusimamia. Kwa hiyo haipo kanuni kwamba goti la kushoto ni dhaifu kwa asili, au la kulia ni imara kwa asili. Kinacholeta tofauti ni namna mguu unavyotumika, nguvu ya misuli yake, na jinsi mtu anavyotua na kugeuka.

Hapo askari na polisi yafaa wajitazame. Kuruka kutoka nyuma ya lori kila siku kwa mguu ule ule, kuvuka mtaro kwa mguu ule ule, kubeba silaha na mzigo upande ule ule, kugeuka daima kwa upande mmoja: mazoea hayo huujenga mguu mmoja na kuuacha mwingine nyuma. Tofauti hiyo ya misuli haionekani katika gwaride, kwa kuwa katika gwaride miguu yote hupiga chini kwa pamoja. Huonekana siku ambayo mguu ulioachwa nyuma unalazimika, kwa ghafla, kuubeba mwili peke yake.

Uganda inao mfano wake katika jambo hili, na mfano huo ulivaa sare ya polisi. Tarehe 2 Septemba 1972, katika michezo ya Olimpiki mjini Munich, John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akiwa mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48. Alikimbia katika njia ya kwanza ya ndani, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Wanaozijua mbio hizo wanaelewa kwamba mkimbiaji anayepiga hatua 13 au 15 kati ya kiunzi na kiunzi huongoza daima kwa mguu mmoja. Anayepiga hatua 14 hulazimika kubadilisha mguu kila kiunzi. Akii-Bua alijulikana kwa uwezo wake wa kuongoza kwa mguu wowote. Uwezo huo hupatikana kwa mazoezi ya miaka, ya kuukataa upendeleo wa upande mmoja.

Mifupa haibadilishwi kwa mazoezi. Mtu mzima hawezi kuupanua mwanya wa paja lake, wala kuusawazisha mteremko wa muundi wake. Lakini misuli hubadilika, na mazoea hubadilika, na hilo limethibitishwa. Nchini Sweden, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, wasichana 4,564 wa umri wa miaka 12 hadi 17 walishirikishwa. Baadhi ya klabu zao zilipewa mazoezi maalumu ya dakika 15 mara mbili kwa juma, na nyingine ziliendelea na desturi zao. Katika klabu zilizopewa mazoezi, kukatika kwa kano ya mbele kulipungua kwa asilimia 64. Hapa Afrika, mjini Lagos, vijana 416 wa timu 20 walichunguzwa kwa njia kama hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2014: timu zilizofuata mpango wa FIFA wa kupasha mwili moto zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, na majeraha ya miguu yalipungua kwa asilimia 48.

Mazoezi hayo hayahitaji mashine wala fedha za kigeni. Ni kusimama kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa kidogo, kwanza kushoto kisha kulia. Ni kuchuchumaa polepole, magoti yakielekea kule vidole vya miguu vinakoelekea, bila kuanguka ndani. Ni kuruka na kutua kimya, kwa magoti yaliyokunjwa, mkufunzi akisikiliza: anayetua kwa kishindo hajajua bado. Ni kuitia nguvu misuli ya nyuma ya paja, ambayo huusaidia ule ugwe mdogo kwa kuuvuta muundi nyuma. Na ni kugeuka kwa hatua fupi kadhaa badala ya kukita mguu mmoja na kuuzungusha mwili juu yake. Mkufunzi wa makuruta anaweza kuyaingiza yote hayo kabla ya mbio za asubuhi, mradi ahesabu pande zote mbili sawa, na auongezee zoezi ule upande anaouona dhaifu. Kwa askari wanawake mazoezi haya yana haki ya kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa hesabu za West Point zimeonyesha kwamba hatari yao ni kubwa zaidi.

Na aliyekwisha kuumia atendewe vipi? Dalili zake zinajulikana: mlio ndani ya goti, uvimbe wa haraka, na goti linalomwachia mtu. Mwenye dalili hizo asivutwe goti wala kukandwa kwa nguvu na wasio na ujuzi. Apumzishwe, mguu uinuliwe, kisha apelekwe kwa mganga. Mganga atalishika goti likiwa limekunjwa kidogo na kuuvuta muundi mbele, kisha atafanya vivyo hivyo kwa goti la pili, kwa maana goti zima la mtu huyo huyo ndilo kipimo cha goti lake bovu. Tofauti kati ya kushoto na kulia ndiyo itakayosema kama kano imekatika.

Si kila mgonjwa anayehitaji kisu mara moja. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2010, juu ya vijana 121, ulionyesha kwamba walioanza na mazoezi ya tiba, huku upasuaji ukiwekwa akiba, walikuwa na hali sawa na waliopasuliwa mapema, miaka miwili baadaye. Kati ya 59 walioanza na mazoezi, 23 tu ndio waliohitaji upasuaji katika miaka hiyo miwili. Habari hiyo ni ya faraja kwa nchi ambazo wapasuaji wa mifupa ni wachache na hospitali zao ziko mbali na kambi.

Lakini awe amepasuliwa au hakupasuliwa, haraka ni adui. Watafiti wa Norway na Marekani, katika matokeo ya mwaka 2016, walikuta kwamba baada ya upasuaji, kila mwezi ambao mtu alisubiri kabla ya kurudi katika michezo migumu, mpaka ufike mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Nguvu ya paja nayo ina kipimo chake: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Askari anayeficha maumivu ili asiachwe katika operesheni, na kamanda anayemhimiza arudi kwa sababu uvimbe umekwisha, wote wawili wanauza miaka mingi kwa faida ya siku chache. Goti lililoumizwa mara ya pili huchakaa mapema, na askari wa miaka 30 hujikuta na goti la mzee.

Hapana shaka kwamba nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi, na kwamba wapo wanaojisingizia. Lakini nidhamu ya kweli hupima kabla ya kuhukumu. Kumlinganisha askari goti la kushoto na la kulia huchukua dakika chache mikononi mwa mganga wa kikosi, na dakika hizo humtenga mgonjwa na mvivu kwa haki. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Robo saa ya mazoezi kabla ya mbio za asubuhi, kwa miguu yote miwili, ndiyo ufa. Askari aliyefundishwa kwa gharama ya taifa, akaketi kambini akiwatazama wenzake wakiondoka kwenda kazini, ndiye ukuta.